Vifo Vimepanda, Sisi Tumekaa

Benchi letu liko mbele ya kibanda cha kinyozi, mguu wake mmoja ni tofali, na hakuna jambo la dunia lililowahi kutushinda pale. Asubuhi ile tulikuwa watano: Redio, ambaye husikia habari nusu na kuitangaza nzima, Wakili, tarishi mstaafu wa mahakama, Kinyozi na kitana chake, mimi, na Seremala, mgonjwa wa kisukari, aliyekuwa akitapika tangu juzi. Alikuwa amejiegemeza ukutani, anakunywa maji kikombe baada ya kikombe huku sisi tukinywa kahawa.

— Wamesema vifo vya sukari vimepanda tena, Redio akaanza. Ile ya damu kuingia asidi. Miaka yote vilikuwa vinashuka, sasa vinapanda.

— Asidi ya betri? Kinyozi akauliza.

— Asidi ni asidi. Simu si ina betri, na iko mfukoni, karibu kabisa na figo?

— Mimi yangu naweka mfuko wa shati.

— Basi wewe utaondoka na moyo.

Wakili akakohoa kimahakama.

— Hoja yangu moja tu. Makarani wa kuhesabu wameongezwa. Wapunguze makarani, uone kama vifo havishuki.

— Lisemwalo lipo, Redio akaunga mkono.

— Na lisiposemwa halipo. Hiyo ni sheria.

— Jamani, tumuulize mwenye ugonjwa wake, Kinyozi akasema. Seremala, we unaonaje?

Seremala alikuwa anahema, pumzi ndefu nzito, kama katoka kupandisha kabati ghorofani.

— Kiu, alisema.

— Mpeni soda, akasema Redio. Dawa ya moto ni moto.

— Si tumpeleke zahanati? Kinyozi akauliza.

— Haraka haraka haina baraka, Wakili akamkata. Hoja haijafungwa.

Redio alikuwa keshafika mwezini, anatueleza kwamba kama mwezi unavuta maji ya bahari yote ile, sembuse sukari ya mtu mmoja, alipotokea mama mgeni anayemtafuta fundi cherehani. Hakumaliza hata salamu zake. Alimwinamia Seremala, akanusa pumzi yake, ambayo sisi tulikuwa tumeinusa asubuhi nzima tukidhani kala matunda.

— Baba, sindano ya sukari umechoma lini?

— Juzi asubuhi.

— Mbona umeacha?

— Sili, mama. Chakula hakikai. Niliambiwa asiyekula asichome.

— Nani alikwambia?

Redio alimtazama Wakili, Wakili akatazama kahawa yake. Kinyozi alikuwa ameshakimbilia barabarani kusimamisha gari. Mimi nilitazama chini, maana jibu nilikuwa nalo. Nilimwambia mimi, palepale kwenye benchi, na nikajiona mwerevu siku nzima.

Seremala aliweka mkono begani mwangu ili ainuke. Alinitazama kidogo, kisha akamgeukia yule mama.

— Watu tu, alisema.