Jeneza la Hugues Litoko Lisigonge Mlango wa Mtu

Ndugu wa Yanonge, wa Isangi na wa hapa Mangobo mliokuja kumsindikiza Hugues, tulieni. Anayewasomea ni shangazi yake Micheline, dada mkubwa wa baba yake, na atasoma mpaka mwisho. Hugues mwenyewe aliomba habari zake zisemwe zote, hata zile za damu.

Hugues Litoko alizaliwa Yanonge tarehe 14 Machi 1980, mtoto wa pili wa papa Josué Litoko, mvuvi, na mama Simone. Alikuja na kichwa kikubwa, mama yake akapiga kelele hata wavuvi wakarudisha pirogi zao ufukoni, wakidhani mamba amekamata mtu.

Alisoma shule ya msingi palepale, kisha akaja Kisangani kwa sekondari. Walimu walimfukuza kila mara, si kwa ujinga, kwa ngumi. Mwezi wa sita mwaka 2000, majeshi ya kigeni yalipopigana ndani ya mji wetu, kipande cha bomu kilipasua mguu wa shangazi yake. Hugues alimbeba mgongoni akiruka maiti za barabarani. Shangazi akawa anamgombeza kwa ajili ya kitenge chake: "Hugues, angalia matope! Hii kikwembe iko mupya!"

"Tantine, bomu haiogope kikwembe. Shika shingo!"

Kazi yake ilikuwa kuendesha mashua ya mota kati ya Isangi na Kisangani, akipakia watu, mihogo, nguruwe na samaki wa moshi. Tarehe 9 Agosti 2003 alifunga ndoa na Rosine, wakazaa Naomie, Jeancy na Déborah.

Papa Josué alikufa mwaka 2009, na miaka hamsini na tatu. Alikuwa anatoa damu chooni, akaficha kwa haya. Mwaka 2017 ugonjwa uleule ukamchukua René, kaka yake Hugues, na miaka arobaini na moja tu.

Wengi wenu mlikuwa kwenye matanga yale. Vijana walikunywa lotoko, pombe yetu kali, tangu asubuhi. Walipoinua jeneza wakaanza kuyumba, wakisema René anawavuta kwa yule aliyemla kwa uchawi. Wakayumba mpaka kwa Micheline, mjane asiye na mtoto, wakaligongesha jeneza mlangoni mpaka ubao ukapasuka. "Njo yeye! Alikula mudogo wake Josué, sasa amekula René! Ndoki, toka!"

Aliyebeba mbele alikuwa Hugues. Jiwe la kwanza lilikuwa la Hugues, na lilitoboa jicho la kushoto la shangazi yuleyule ambaye yeye mwenyewe alimbeba mgongoni. Wengine walimvunja mkono kwa mchi, wakatia nyumba moto naye akiwa ndani. Jirani yake, papa Yakubu, ndiye aliyeingia katika moshi akamtoa, kisha akasimama juu yake na panga. "Anayetaka kumugusa huyu mama, aanze na mimi! Muko wangapi? Mukuye!" Hakuna aliyekuja. Shangazi hakuhama. Alijenga palepale, na mlango akaweka wa chuma.

Mwaka 2023 Hugues naye akaona damu. Akaanza na maombi, akafuata mizizi, na hospitali ikawa ya mwisho. Daktari akamuuliza baba alikufa na nini, na kaka je. Aliposikia, akashika kichwa. Ni kansa ya utumbo mpana, na katika ukoo huu inarithiwa. Inaanza na vinyama vidogo ndani ya utumbo. Mtu akipimwa kwa kamera angali mzima, vinakatwa kabla havijageuka kansa.

"Donc si ndoki?" Hugues akauliza.

"Ndoki iko wapi, papa? Ni utumbo. Kama mungekuja kupimwa baba yenu alipokufa, pengine ule kaka angekuwa muzima. Na weye."

Siku ileile alikwenda kwenye mlango wa chuma, akapiga magoti. Shangazi akamwambia: "Inuka, unachafua sakafu yangu." Akamwingiza ndani, akamwosha na kumlisha mpaka mwisho.

Daktari alisema watoto wasingoje uzee wala maumivu: waanze sasa, na warudie kila atakapowaita. Jeancy akaruka: "Kamera ndani ya matako? Jamais! Mi niko mwanaume."

Baba yake akacheka mpaka akashika tumbo. "Babu yako alikufa na haya. Mi nakufa na jiwe mukononi. Weye utakufa na nini, na matako?"

Naomie alikwenda. Wakamkuta na vinyama viwili, wakavikata, na leo amesimama pale, mzima. Jeancy bado, na Déborah bado. Jeancy, baba yako alikuomba, na wote hawa wamesikia.

Hugues alikata roho tarehe 3 Novemba 2025, mkono wake ukiwa katika mkono wa shangazi, ule uliovunjwa. Ameacha mama yake Simone, mjane wake Rosine, watoto watatu, na shangazi mwenye jicho moja.

Sasa ninyi vijana wa kubeba: najua mmekwisha kunywa. Kutoka hapa mpaka makaburini mtapita mbele ya mlango wa chuma. Hugues hatawavuta, hana la kudai pale. Jeneza likiyumba, ni miguu yenu inayoyumba. Mpelekeni moja kwa moja. Apumzike kwa amani, na amani hiyo ianzie kwenye mabega yenu.