Siku Bibi Alipojiita Jirani

Bwana Yesu apewe sifa, wapendwa wa Bunda! Apewe sifa tena! Mmesema mgeni ajitambulishe, haya, najitambulisha. Mimi ni fundi simu wa Nyakato, Musoma, na ni mwanakwaya. Nitakayosema niliyameza tangu utoto, na hata sasa naona aibu kuyatoa. Lakini nikinyamaza nitakuwa namwibia Bwana sifa yake.

Nilizaliwa Butiama, katika nyumba ntobhu. Wenyeji mmeshaelewa, naona mnavyotazamana. Kwa wageni niseme: ilikuwepo mila kwetu kwamba mwanamke asiye na mtoto wa kiume anamtolea msichana mahari, anamleta nyumbani kwake, na watoto wa msichana huyo wanakuwa wa nyumba ile. Bibi yangu alimleta mama yangu hivyo. Mwanamume aliyenizaa hakutajwa, nami simjui. Mama alifariki ningali nabebwa mgongoni, na Bibi akanilea kwa mihogo yake na mtama wake. Sijaja kuitetea mila ile wala kuitukana. Nasema tu nilikotoka.

Shuleni walikuwa wakiniimbia, "Baba yake anavaa kitenge!" wakimsema Bibi. Ndugu zangu, nilicheka pamoja nao, halafu naenda kulia nyuma ya choo.

Nikakua nimeinamisha kichwa. Huku kwetu mtu hamalizi kukusalimia kabla hajakuuliza wewe ni wa nani. Mteja akiniuliza hivyo, nilikuwaga najifanya bisibisi imeanguka, naingia chini ya meza kuitafuta! Nilimpenda binti wa hapa hapa Bunda, msigeuke kumtafuta, nikakimbia kwa kuogopa maswali ya wazee wake. Nikaenda semina ya kujiamini. Mwalimu akasema kila asubuhi tusimame mbele ya kioo tuseme, "Mimi ni simba!" Nikasema kwa nguvu zote. Nafungua kibanda, mzee mmoja akaniuliza, "Kijana, wewe wa kwa nani?" Simba huyo, chini ya meza! Chekeni tu, nami siku hizi nacheka.

Kisha nikaokoka. Mchungaji wetu alihubiri kwamba hata Bwana Yesu watu walinong'ona habari za baba yake, na kwamba Mungu akikuita mwana, amekuita. Nikaitikia amina kuliko wote. Lakini moyo nilimpa Bwana, nyumba yetu nikaificha. Bibi akisema anataka kuja kusali nami, namwambia, "Bibi, kanisa letu liko mbali, utachoka." Niliogopa ile saa wageni wanaposimama kujitambulisha. Bibi akawa hasemi tena habari ya kuja.

Jumapili moja akaja bila kuniambia. Nilimwona kutoka kwenye kwaya, amekaa benchi la nyuma na kitenge chake cha sikukuu. Wageni wakaambiwa wasimame. Bwana anisamehe, niliomba umeme ukatike! Haukukatika. Mhudumu akampelekea Bibi kipaza sauti.

"Bwana asifiwe. Natoka Butiama. Nilikuwa na shida zangu huku mjini, nikasema nisali na nyie."

"Una ndugu hapa, mama?"

Akaitazama kwaya. Akatazama chini. "Hapana. Yule kijana pale, nilikuwaga jirani yao tu."

Ndugu zangu! Kumbe miaka yote alijua! Alijua namwonea haya, akaamua kunisitiri mbele za watu kwa kujifuta yeye. Aibu niliyoiona siku ile sijapata kuiona, na safari hii haikuwa ya kuzaliwa kwangu. Nilijionea aibu mimi. Na hapo ndipo mahubiri yale yaliponiingia: aliyeniita mwana alijua nyumba niliyotoka kabla hajaniita, na hakubadili nia. Sasa mimi namficha nani, na kwa ajili ya nani?

Nikatoka kwenye mstari wa kwaya. Nikamshika Bibi mkono, nikachukua kipaza sauti nikasema, "Huyu si jirani. Huyu ndiye mzazi wangu. Mimi ni mtoto wa nyumba ntobhu, na Baba yangu ni Mungu." Sauti ilikatika mara mbili, lakini nilimaliza. Asante Yesu!

Sijawa simba, wapendwa. Bado naogopa. Ila nikiulizwa mimi ni wa nani, najibu nikiwa nimesimama, maana jibu hilo sikulipata kwenye kioo, nimepewa na Bwana. Wewe uliyeinama hapo, umempa Yesu kila kitu isipokuwa kile kimoja unachokificha. Mpe na hicho leo. Hatashtuka.

Namshukuru Mungu, na ninamshukuru Bibi. Siku hizi anakaa nami na tunasali pamoja. Juzi Jumapili wageni walipoambiwa wasimame, dada mmoja asiyemfahamu akamgusa bega, "Bibi, simama ujitambulishe." Bibi akajikalia zake, akamjibu mpaka kwaya tukasikia:

"Nisimame nini? Mimi si mgeni hapa. Hapa ni kwa mtoto wangu."