Vichupa Vinne Dirishani

Ndugu, majirani, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu mchana huu, mimi ni mdogo wake marehemu, wa tatu kuzaliwa, yule mshona nguo mwenye mdomo, nimepewa karatasi nne nisome, na kabla sijaanza niseme wazi kwamba ukurasa wa tatu wakubwa wa familia wameniomba niuruke, ilhali dada mwenyewe, akiwa na akili zake zote, aliniapisha niusome, kwa hiyo nivumilieni nikienda polepole, maana tangu juzi naona kila kitu kama mtu aliyeamshwa katikati ya usingizi.

Dada yetu alizaliwa Ijumaa, tarehe 14 Machi 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya useremala ya baba, akiwa mtoto wa pili, na mama anasema alizaliwa macho wazi, akitazama vumbi la mbao likielea kwenye mwanga wa dirisha, na kwa kweli hakuacha kutazama vitu vikielea mpaka mwisho wake. Alianza shule ya msingi Januari 1965, akaimaliza 1971, akaingia sekondari ya wasichana, ambako walimu waliandika kwenye ripoti kwamba ana akili lakini anaota mchana, baba akafoka, mama akacheka, akasema mwacheni aote, mradi hesabu anapata.

Januari 1976 alijiunga na chuo cha uuguzi, akahitimu Novemba 1979, na Februari 1980 akaajiriwa wodi ya watoto, katika hospitali ile yenye ngazi za mawe na korido ndefu inayonuka dawa ya sakafu, ambako kazi yake ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kupima uzito, kwa sababu dozi ya mtoto hufuata kilo zake, haifuati makadirio ya muuguzi. Mwaka 1983 mizani ya wodi ikaanza kudanganya, akaitwa fundi, fundi akaja mara ya kwanza, akaja mara ya pili, akaja mara ya tano, mizani ikiwa imepona zamani, na tarehe 15 Desemba 1984 wakafunga ndoa, na shemeji yangu, aliyekaa pale, anajua kwamba sitii chumvi. Walijaliwa watoto wawili, wa kike mwaka 1986 na wa kiume mwaka 1990, wote wapo hapa, na wote walipimwa uzito kila Jumapili mpaka wakawa wakiona mizani wanakimbia.

Mwaka 1998 alirudi chuoni kwa miaka miwili, akahitimu Septemba 2000 kama muuguzi bingwa mwenye ruhusa ya kuandika dawa kwa mkono wake, akapewa chumba namba nne, chenye meza moja, benchi moja na pazia jeupe lililokuwa likipumua siku nzima. Kwenye benchi lile, nikimsubiri twende nyumbani, ndipo aliponifundisha kwamba kidonge ni mgeni, akaichora safari yake hewani kwa kidole, kinaingia mdomoni, kinashuka tumboni, kinapita kwenye ini ambako kinakaguliwa na kupunguzwa nguvu, kinatembea na damu vyumba vyote, mpaka figo zinapokifungulia mlango wa nyuma, na kwamba anayeandika dawa lazima ajue mgeni huyu amekuja kufanya nini, atakaa siku ngapi, atagombana na nani humo ndani, na kama mwenye nyumba ni mzee wa figo zilizochoka au ni mama mjamzito. Mimi nilikuwa nikisinzia, jamani, lakini mpaka leo naiona ile safari.

Sasa ni ukurasa wa tatu. Kaka mkubwa, nakuona umeinamisha kichwa, umesema kusoma haya ni kumvua nguo marehemu, na mimi nakuheshimu, lakini niliapa, nisamehe.

Dada ameandika kwamba mwaka ule wa kwanza wa chumba namba nne mama yetu alikuwa akimeza kidonge cha presha alichoandikiwa na daktari, Februari 2001 miguu ya mama ikavimba, dada akamwandikia dawa ya kupunguza maji mwilini, Mei kidole gumba cha mguu kikawaka kwa jongo, akamwandikia dawa ya maumivu, Julai presha ikapanda, akamwandikia kile kidonge cha kwanza kwa dozi kubwa zaidi, na Jumatatu, tarehe 3 Septemba 2001, saa tatu asubuhi, mama aliinuka kitini kwenda kufungua mlango, kizunguzungu kikamchukua, akaanguka kizingitini, akavunjika nyonga. Mchana wake, akiwa kando ya kitanda cha mama hospitalini, dada alivitoa vichupa vinne vya kahawia kwenye mkoba, akavipanga dirishani kwa kufuata tarehe, jua likapita ndani yake na kuweka madoa ya rangi ya chai kwenye shuka, akavitazama muda mrefu, ndipo akaona kwamba miguu haikuvimba kwa ugonjwa mpya, ilivimbishwa na kichupa cha kwanza, jongo liliamshwa na cha pili, presha ilipandishwa na cha tatu, cha nne kikamwangusha mama, na lebo tatu kati ya hizo nne zilikuwa na saini yake.

Siku ileile alikwenda kwa mkuu wake, akajiandika mwenyewe kwenye kitabu cha makosa ya dawa, daktari akapitia dawa zote upya na kuzipunguza, mama akapona, ingawa mkongojo hakuuacha tena. Ila kumwambia mama kulimshinda, na kwa miaka ishirini na miwili neno lile lilimkaa kooni, akaomba lisemwe leo mbele ya watu, kwa sababu aliwakataza wanafunzi wake wote kuficha kosa la dawa, na yeye lake alilificha nyumbani.

Huo ndio mwisho wa ukurasa wa tatu. Kuanzia hapo hakuna mtu aliyeingia chumba namba nne bila mfuko wa dawa zote alizonazo, za hospitali, za dukani, hata za kuazima kwa jirani, dada akazimwaga mezani, akazipanga kwa tarehe, akauliza kila moja imekuja kwa ajili gani, na kama imekuja kufukuza matata ya iliyotangulia, na alikutana na vituko, maana kuna mzee alikutwa anagawana na mbwa wake dawa ya minyoo, nusu kwa nusu, kwa roho safi kabisa. Alifundisha chuoni toka 2004 hadi alipostaafu 2018, na wanafunzi wakampa jina la Mama Mfuko, nalo alilipenda kuliko cheo chochote.

Juni 2019 figo zake zilianza kuchoka, akalazwa mara nne, na alipolazwa mara ya mwisho, tarehe 20 Septemba mwaka huu wa 2023, mkuu wa wodi alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, naye akamwagiza Mama Mfuko alete mfuko wake mwenyewe, wakazipunguza dawa pamoja na daktari, wakabakiza tatu tu. Siku zake za mwisho alikuwa akielea, akichora hewani kwa kidole, na Jumatatu, tarehe 9 Oktoba, saa nne asubuhi, kidole kikatulia juu ya blanketi, akaondoka.

Jana alasiri, nikiogopa kumuumiza mama kwa kumshtukiza na maneno haya, niliingia chumbani kwake nikamweleza yote, akanisikiliza huku akinyoosha mikunjo ya shuka, kisha akasema kwamba alijua tangu siku ileile, kwamba pale kitandani hakuwa amelala, alikuwa amefumba macho tu, akamwona binti yake akipanga vichupa dirishani na kulia bila sauti, na alinyamaza kwa sababu aliogopa kwamba akitamka neno moja mtoto ataiacha kazi yake. Nilitoka nikaketi kwenye ngazi, nikalia sana, kwa kuwa wawili hawa walikunywa chai meza moja miaka yote hiyo, kila mmoja akimlinda mwenzake. Mama ndiye aliyenituma nisome, na nisome kwa sauti.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi, mwanafunzi wake aliyemshika mkono mpaka mwisho, wenzake wa chumba namba nne na wa chuoni, na majirani mliotupikia tangu Jumatatu, na kila mmoja wenu, akifika nyumbani, autoe mfuko wake wa dawa aupeleke kwa anayemtibu, maana hilo nalo aliniagiza.

Dada, ukurasa wa tatu nimeusoma wote, mama amekaa mstari wa mbele na mkongojo wake, ameusikia, anatikisa kichwa kukubali, hakuna tena neno lililobaki kooni, pumzika sasa, pumzika kwa amani.