Kengele ya Moshi ya Mama Watiri

Hebu fumba macho kidogo, uone benchi refu mbele ya kinu cha posho pale Wamagana, asubuhi ya baridi ya Julai, miaka ya tisini, ukungu umekalia barabara kama mgeni asiyetaka kuaga. Wacera anachochea makaa chini ya birika la kahawa. Wateja wake wote hulima kahawa, na nyumbani wote hunywa chai. Katikati ya benchi, juu ya gazeti, kuna kitu cheupe cha mviringo. Ni kengele ya moshi, ile inayolia yenyewe ikinusa moshi ndani ya nyumba. Wachuka, anayeuguza wagonjwa ng'ambo, aliituma kwa kaka yake Mathenge pamoja na agizo moja: aifunge kwa mama yao, Watiri, mama asije akaungua. Mathenge aliitundika katika jiko la nje. Leo ameing'oa, na hajui atamwambia nini dada yake.

— Inalia ovyo, alisema Mathenge. Mama akiwasha kuni, inalia. Akikaanga kitunguu, inalia. Jana imelia mpaka ng'ombe ikakataa kutoa maziwa.

— Haijazoea kuni ya huku, akasema Mutahi, fundi wa redio, ambaye benchi lilimwita Injinia. Ipake masizi kwanza, ijue harufu ya boma.

— Wapi! akasema Oloo, polisi mstaafu waliyemwita Sajini, aliyeletwa huku na kazi akanogewa na viazi. Hiyo kitu ni askari. Askari huwezi kuweka jikoni. Weka kwa geti. Mwizi akikuja na sigara, ameshikwa.

— Na mwizi asiyevuta? akauliza Mathenge.

— Huyo ni wa Nairobi. Hafiki huku.

— Basi ipeleke kwa kuku, akasema Mutahi. Ikilia usiku, kuku watafikiri ni asubuhi. Watataga mara mbili.

— Ati mara mbili! akadakia Oloo. Na jogoo atafanya kazi gani?

— Apumzike. Amewika miaka mingi.

Makaa ya Wacera yakafuka. Kengele ikapiga ukelele wa kupasua masikio. Hakuna aliyeshtuka. Oloo aliifunika kwa kofia yake, na moshi ulipopita, ikanyamaza.

— Umeona? Inajua amri.

— Mimi nasema itolewe betri, Mutahi akamalizia. Redio yangu iko na njaa.

Mathenge alichoka. Akaondoa kofia, akaanza kufungua kifuniko cha betri.

Tryphosa, mwalimu mgeni wa shule ya msingi, alikuwa amesimama na kikombe chake, akisikiliza.

— Samahani, mzee. Baridi hii yote, mama anaota moto wapi?

— Jikoni, mwalimu. Ako na jiko ya makaa.

— Na akienda kulala?

— Analala nyumba kubwa. Nilimjengea mimi.

— Na hilo jiko la makaa linalala wapi?

Mathenge akamtazama Mutahi. Mutahi akamtazama Oloo. Oloo akaitazama kofia yake.

Ndipo Mathenge akalikumbuka blanketi la mama, lililoanikwa kwenye ua tangu Jumapili, pembe yake imeungua. Alikuwa amedhani ni pasi. Mama hajawahi kuwa na pasi.

Alirudisha kifuniko, akaikumbatia kengele ndani ya koti, akapanda kilima mbio kuipeleka chumbani kwa mama, bila kuaga. Kahawa yake ilibaki ikitoa mvuke.

— Kwani geti tumeacha? akauliza Oloo.

Nawe, ya kuku na ya geti unaweza kuyasahau. Tafadhali kumbuka hili moja tu: kabla ya kuitafutia kengele mahali, uliza moto wa nyumba hulala wapi.