Wote Walikuwepo

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao lililoegemea ukuta wa duka la mshonaji, pale ambapo barabara kuu inaukata mtaa vipande viwili. Mbele ya benchi kuna jiko la mkaa na birika la kahawa, na nyuma ya birika yuko mwenye birika, mama asiyependa ujinga asubuhi, ambaye wateja wamemwita Mama Birika mpaka jina lake la kuzaliwa limesahaulika. Wakaaji wa kudumu ni watatu. Yuko Breki, dereva mstaafu wa malori, mzito wa kusimama na mzito zaidi wa kukubali kosa. Yuko Redio, fundi wa simu asiye na kibanda, anayetengeneza simu za watu magotini na kuzisoma kwanza. Na yuko mwenye duka, ambaye mara nyingi huongea na uzi mdomoni, wakamwita Pindo. Sheria ya kijiwe ni moja tu: likitokea jambo mtaani, ambaye hakuwepo anawanunulia wote kahawa. Kwa hiyo hajawahi kupatikana mtu ambaye hakuwepo. Breki aliwahi kuapa kwamba alishuhudia kwa macho yake ugomvi wa harusi uliotokea yeye akiwa amelazwa hospitali, na akausimulia vizuri kuliko bwana harusi. Watu walicheka, wakamwachia, na sheria ikaendelea.

Asubuhi hiyo Pindo alifungua duka, akatoa cherehani barazani, akasogea benchini kungojea kikombe chake. Hakuna aliyemsalimia. Wenzake walikuwa wameinamia simu ya Redio, na ndani ya simu hiyo mtu alikuwa akiongea kwa sauti ya Pindo.

— Wale wa ng'ambo ya barabara wafungiwe maji tu. Watahama wenyewe.

Pindo akainama naye. Aliyekuwa akiongea ni yeye, hakuna ubishi. Kipara ni chake, sindano iliyochomekwa kwenye ukosi wa shati ni yake, na hata ile tabia ya kuvuta pua kabla ya neno kali ilikuwa yake, tabia ambayo mkewe amemsema kwayo tangu wachumbiane. Nyuma yake ulionekana ukuta wa duka na rangi yake iliyobanduka.

Maneno yenyewe hayakuwa ya utani wiki hiyo. Mtaa ulikuwa unaelekea kumpigia kura mwenyekiti wake, na kura zilikuwa za maji. Bomba linatokea upande huu wa barabara, wale wa ng'ambo wanapata tawi lake, na wagombea wote wawili walikuwa wameshachagua upande wa kuchochea. Pindo alijiweka kando na mambo hayo kwa sababu yake mwenyewe. Binti yake wa pekee ameolewa ng'ambo, na huko ndiko aliko mjukuu wake, mtoto ambaye bado hajakaza shingo.

— Mimi sijayasema haya, alisema Pindo.

Redio alimtazama kwa huruma, kama anavyomtazama mteja ambaye simu yake haitengenezeki.

— Uliyasema, kaka. Mimi nilikuwepo.

Pindo aliuliza ni lini. Redio akasema siku ile. Siku ipi? Ile ya joto. Akaeleza kwamba yeye alicheka mpaka kahawa ikammwagikia gotini, na akaonyesha goti. Breki naye hakutaka kuachwa nyuma. Alisema yeye hakucheka, yeye ni mtu mzima, yeye alisimama akavua kofia ili kumwonyesha Pindo kwamba maneno hayo hayafai. Mama Birika alikuwa akichochea mkaa, na kila aliyemjua alitegemea angewatukana wote wawili. Badala yake alisema taratibu kwamba yeye alikuwa akimimina, akaitikia "kabisa" bila kufikiri, ili wanyamaze tu.

Pindo aliona ni mzaha wa kijiwe, akacheka. Alipogundua anacheka peke yake, akaacha.

Akaomba simu, akaiangalia klipu tena na tena. Mtu wa kazi yake anajua kwamba hakuna nguo isiyo na mshono. Hata ile inayouzwa kwa maringo kwamba haina, ukiigeuza utaona mahali uzi ulipopita. Maneno aliyatambua, yote yalikuwa yake. "Wafungiwe" alilisema juu ya mbuzi wa jirani waliokula kitambaa cha mteja. "Watahama wenyewe" alilisema juu ya kunguni, siku alipomshauri Breki aanike godoro juani. Lakini alipotafuta mahali neno la mbuzi lilipounganishwa na neno la kunguni, hakupaona. Lilikuwa jora moja la kitambaa, limekatwa mara moja. Akamrudishia Redio simu.

— Hili limeshonwa, alisema. Ila aliyelishona simjui.

Basi kijiwe kikaanza kutafuta mshonaji. Breki alitoa hoja kwamba simu inasikiliza hata ikizimwa, inaokota neno leo, inaokota neno kesho, kama gari linalokunywa mafuta kidogo kidogo mpaka tangi linajaa. Mama Birika aliuliza gari gani hilo linalojaza tangi kwa kunywa, na Breki akamwambia asiingilie mambo ya kitaalamu. Redio aliona hoja hiyo ni ya kizamani. Kwa maelezo yake, simu siku hizi haina haja ya kusikiliza. Imeshakujua. Inajua unapokasirika, inajua unaposimamisha kidole kwenye picha na unapopitisha, inajua wewe na wenzako wa upande huu mnabonyeza nini kabla hamjabonyeza.

— Kwa hiyo inajua utakachosema, alimaliza Redio. Ikaona ya nini kukungojea.

Lori likapita, benchi likatetemeka.

— Na kura itatupigia pia? aliuliza Mama Birika.

— Mama, wewe umeshaamua utampa nani?

— Nimeamua.

— Lini?

Mama Birika alifungua kifuniko cha birika, akakifunga. Alikumbuka kwamba wiki iliyopita alikuwa hajaamua, na katikati hapo hakuzungumza na mtu yeyote, alilala tu na simu mkononi kama kila mtu. Pindo aliuona uso wake, na hakuupenda.

Mchana ulipokaribia mke wa Pindo alikuja upesi, chupa ya uji mkononi, kanga imemteleza begani. Alikuwa ameupeleka kwa mzazi kama alivyofanya kila siku tangu binti yao ajifungue, na uji ulikuwa bado umejaa. Hakuketi. Alieleza kwamba alfajiri tawi la maji la ng'ambo limekutwa limekatwa kwa msumeno, na watu wanasema amri ilitoka kijiweni. Pale mlangoni kwa wakwe wamemwambia kwa adabu kabisa kwamba leo hawapokei wageni. Alimsikia tu binti yake akilia ndani.

— Baba, alimwambia mumewe mbele za watu, ulisema kitu gani?

— Sijasema.

— Mbona nimekusikia?

Akaingia dukani, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaipakata chupa ya uji. Pindo alimfahamu mke huyo kwa miaka ya kuzeeka pamoja, na hakuwahi kumwona akimtazama kama mtu wa kupita. Akawageukia wenzake. Sasa hakuwa na mzaha wala soni.

— Jamani, nawaomba. Acheni sheria ya kijiwe. Kahawa ya leo, ya kesho, yote juu yangu. Mmoja wenu aseme tu kwamba hakuwepo, nimpeleke kwa mkwe wangu akaseme.

Lilikuwa ombi dogo. Breki alifungua mdomo, na Pindo aliona kabisa kwamba mzee anataka kumsaidia. Lakini macho yake yaligota mahali fulani, kama mtu anayetafuta njia ya nyumbani na kuona mitaa yote imefanana.

— Tatizo, ndugu yangu, alisema Breki kwa sauti ya chini, asubuhi nilikuwa nasema tu. Sasa siku ile naikumbuka.

Simu ikamlia Redio mkononi. Kundi la mtaa lilikuwa limerushiwa klipu nyingine. Ilikuwa ile ile, ila ndefu. Pindo alisema maneno yake, akavuta pua. Kisha picha ikasogea upande, na benchi lote likaonekana. Redio alikuwa akicheka mpaka kahawa inammwagikia gotini. Breki alikuwa amesimama, kofia mkononi, lakini hakuonekana kama mtu anayekemea. Alionekana kama mtu anayetoa heshima. Na mkono wa Mama Birika ulikuwa ukimimina, na sauti yake ikaitikia: kabisa.

Mama Birika aliweka birika chini.

— Redio. Uliyaandika huko haya tuliyoyasema?

Redio aliapa kwa marehemu mama yake. Alikiri kwamba asubuhi alikuwa ameandika chini ya klipu kwamba alikuwepo, hilo la kwake tu, ili watu wajue. Goti hakulitaja. Kofia hakuitaja. Akasema labda aifute hiyo klipu. Akaifuta, na papo hapo ikarudi kutoka kwa mtu mwingine. Akaizima simu, akailaza benchini kifudifudi, na wote watatu wakasogea kuipisha kama mgonjwa.

Breki alisema, bila kuulizwa, kwamba sasa hata wakisema hawakuwepo hakuna atakayewaamini. Wameonekana. Kisha akauliza kitu ambacho Pindo hakutaka kukisikia: kama wote wanaikumbuka, na wote wameonekana, je, si huenda kweli ilikuwepo siku hiyo, na ni Pindo peke yake aliyeisahau? Watu husahau. Yeye mwenyewe aliwahi kuendesha lori usiku kucha, asubuhi akawa hakumbuki hata kona moja.

Pindo alikuwa akiwaza joto. Maana alianza kulihisi, joto la siku ile, na kikombe kinachomchoma vidole, na kicheko cha Redio sikioni.

Wakati huo mkwe alivuka barabara. Ni baba mzazi wa mume wa binti yake, mwashi, mtu mpole anayejulikana kwa kutopandisha sauti hata ukuta ukimwangukia. Alikuwa na dumu tupu mkononi. Alivuka polepole, na kwa kila hatua kuna mtu aliyechungulia dirishani au mlangoni, pande zote mbili. Wengine walikuwa wameinua simu.

Alisalimia. Wakaitikia. Mama Birika alimkaribisha kiti, akashukuru, akabaki amesimama. Mke wa Pindo akatoka mlangoni na chupa yake.

— Mkwe, alisema mwashi, sikuja kwa shari. Nyumbani wamenikataza hata kuja. Wanangu wamepandwa na hasira, wanataka binti yenu arudi kwenu leo, na mtoto abaki. Nimewaambia hapana. Nimewaambia huyu mzee nimekula naye, nimezika naye. Nitakwenda nimuulize mwenyewe, na neno atakalonipa ndilo nitakalorudi nalo. Hawatanipinga.

Akaweka dumu chini.

— Kwa hiyo nakuuliza. Uliyasema, au hukuyasema?

Hakuna swali rahisi kuliko hilo. Mtoto anayeanza kuongea angelijibu. Pindo aliwatazama wenzake. Breki alikuwa akiangalia kofia yake. Redio alikuwa akifuta goti ambalo lilikuwa kavu. Mama Birika aliangalia mkaa. Mkewe alimkazia macho, midomo ikimcheza kidogo, kama anayemwombea mwanafunzi aliyesimamishwa darasani. Neno lilikuwa moja, "sijayasema", na asubuhi hiyo alikuwa amelisema mara kadhaa bila shida. Sasa alilitafuta, akakuta mahali pake pamekaliwa na sauti yake mwenyewe, tulivu, inayovuta pua. Alitamani kulia. Alimwona mjukuu wake, shingo haijakaza, akibebwa na mikono ya watu waliokasirika.

Akavuta pumzi.

Simu ikatetemeka juu ya benchi. Redio alikuwa ameizima, wote walimwona akiizima. Mama Birika ndiye aliyeigeuza, kwa ncha ya kidole. Klipu nyingine ilikuwa imeingia. Mkwe alikuwa amesimama ndani yake na dumu lake tupu miguuni, mke wa Pindo alikuwa mlangoni na chupa, na Pindo alikuwa ndiyo kwanza anafungua mdomo.

Mwashi akainama asikie alichojibiwa. Wakainama wote, na Pindo akainama pamoja nao.