Clement Yeandle na Mforosadi Uliolala

Tarehe 30 Septemba, Bwana Clement Yeandle anastaafu baada ya miaka arobaini na mmoja katika bustani ya Combe Aller. Aliingia mwaka 1983 akiwa msukuma toroli la samadi. Anatoka akiwa mkuu wa watunza bustani wetu wote.

Clem hawezi kuona gugu akalipita. Siku ya harusi ya binti yake alikutwa mlangoni mwa kanisa, amevaa suti, akichomoa magugu huku bibi harusi akimngoja.

Lakini zaidi ya yote tutamkumbuka kwa mforosadi, mti wa matunda ya forosadi. Mti huo ulikuwa umesimama karibu miaka mia nne, dhoruba ya Januari 1990 ilipoulaza chini, nusu ya mizizi ikaelekea juu. Wadhamini wa bustani wakaamua ukatwe. Wakata miti walipofika asubuhi na misumeno yao, walimkuta Clem ameketi juu ya shina, chupa ya chai kando.

“Hajafa huyu,” akasema. “Amejilaza tu. Nipeni mpaka Juni.”

Bi Ottoline Sprake, mkuu wa bustani wakati huo, alimtazama sana. “Haya, Clem. Ila ukikosea, kuni zote utabeba wewe.”

Clem akafukia mizizi kwa udongo na samadi, akaifunika kwa magunia. Aprili ikapita, mti mkavu. Mei ikapita, wenzake wakaanza kumuuliza mazishi ni lini. Tarehe tisa Juni alimwita Bi Sprake bila kumwambia sababu. Kwenye gome jeusi palikuwa na chipukizi moja, dogo kama punje ya mtama. Bi Sprake alipiga magoti kwenye tope, na sketi yake nzuri.

Agosti 1996 akaja Bi Edna Lomax kutoka London. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akiwa na miaka minane, yeye na kaka yake Wilf waliletwa hapa kuepushwa na mabomu, na mti huo ndio waliokuwa wakiukwea kila siku. Aliutafuta juu, asiuone.

“Mmeukata?”

Clem alimshika mkono, akamgeuza taratibu. Mforosadi ulikuwa umelala palepale, na mgongoni mwake yamesimama matawi zaidi ya ishirini, kila moja kama mti mzima, yote yamejaa forosadi zilizoiva. Wilf alikuwa amefariki majira ya baridi yaliyotangulia. Bi Edna akachuma, akala, maji mekundu yakamchuruzika hadi viwikoni.

“Kumbe upo,” akauambia mti.

Clem akavua kofia, akarudi nyuma, akawaacha wawili hao. Bi Edna alirudi kila Agosti kwa miaka kumi na saba.

Mimi nimefanya kazi hapa miaka kumi na mmoja, na nikipita pale bado hupunguza sauti.

Asante, Clem. Tunakuombea afya, usingizi mrefu wa asubuhi na siku zenye raha. Ukija kututembelea, pitia lango la wageni kama watu wengine. Na magugu, tafadhali, tuachie sisi.