Dada Pindo na Mdomo Ulionuna Nusu

Ndugu waombolezaji, kabla hatujafika kwenye tarehe ya kuzaliwa, mdogo wake marehemu, ambaye ndiye familia imemteua kusimama mbele yenu na karatasi hii, ameomba kosa lake liandikwe kwanza, maana alikwisha kuliungama mbele za Mungu na mbele ya dada yake, na hataki mumsikilize mkidhani ni mtu mwema kuliko alivyo: siku dada yake aliposhikwa na kiharusi, alimwona kwa macho yake mawili, akamkasirikia, akatoka kwenda kununua vifungo.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Dada Pindo kwa jinsi alivyokunja pindo la gauni usiuone uzi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1952, mtoto wa pili kati ya watano wa baba seremala na mama mkulima wa mboga, na huyu mdogo wake alimfuata kwa miaka minne, akabebwa naye mgongoni mpaka majirani wakatania kwamba binti wa seremala ana kibiongo.

Alianza shule ya msingi mwaka 1960, akamaliza darasa la saba mwaka 1966, na kwa kuwa nafasi ya kuendelea haikupatikana, alijifunza ushonaji katika chuo cha ufundi kuanzia 1968 hadi Desemba 1969, ambapo mwalimu wake aliandika kwenye cheti, kwa wino mwekundu, kwamba mwanafunzi huyu ana mkono mwepesi na maneno machache.

Januari 1970 aliajiriwa katika kiwanda cha nguo, akaanzia kwenye vifungo, akapanda mpaka meza ya kukatia, na tarehe 2 Mei 1988 akafungua karakana yake mwenyewe, chumba kimoja, vyerehani vitatu, dirisha linalotazama duka la rangi, ambamo mdogo wake alikata, yeye alishona, na Mama Pasi, ambaye jina hilo alipewa na kazi yake, alinyoosha nguo kwa miaka yote ile bila kuunguza hata moja, ukiacha shati la huyu anayesoma, ambalo Mama Pasi mpaka leo anaapa ilikuwa bahati mbaya.

Jumamosi tarehe 5 Oktoba 1974 alifunga ndoa na fundi bomba, aliyefika kiwandani kuziba bomba linalovuja, na ambaye mwenyewe hukiri kwamba lile bomba alilirudia mara tatu kwa makusudi, na Mungu akawajalia binti mwaka 1976, ambaye ni mwalimu, na mwana mwaka 1979, ambaye ni dereva wa lori, pamoja na wajukuu watano.

Sasa, jamani, historia ya kweli haifichi kasoro, na kasoro ya marehemu ilikuwa kununa. Hakutukana wala hakugombana, alinyamaza tu, akavuta midomo, akakupa mgongo akishona siku nzima, na nyumbani kununa kwake kulipimwa kama safari, kuna kununa kwa saa moja, kuna kununa mpaka jioni, na shemeji fundi bomba aliwahi kununiwa siku nne kamili kwa kusifu gauni lililoshonwa na mtu mwingine.

Basi Jumanne tarehe 9 Aprili 2013, karakana ikiwa na kazi ya mashati arobaini ya shule, mdogo wake alitandika kitambaa tabaka zote uso juu, badala ya uso kwa uso, akapitisha mkasi, na alipomaliza akawa amekata mikono themanini, yote ya kushoto. Dada aliitazama mikono ile mmoja mmoja, akavuta midomo, akarudi kwenye cherehani. Habari za saa tatu asubuhi zilipoanza redioni alikuwa bado anakanyaga, na zilipokwisha, mdogo wake akampelekea kikombe cha chai kuomba radhi, dada akanyoosha mkono, mkono ukakipiga kikombe, chai ikamwagika juu ya kola, naye akabaki anamtazama bila neno. Mdogo mtu akaona amedharauliwa, akamwambia, "Basi nuna mpaka mwakani," akaondoka, akazunguka madukani, akarudi saa nne na nusu.

Mlangoni alikutana na Mama Pasi, ambaye siku hiyo alichelewa kazini, naye mdogo mtu akamwonya asimsemeshe dada, leo amenuna vibaya. Mama Pasi aliingia hivyo hivyo, akainama, akamtazama usoni, akasema, "Dada akinuna hununa mdomo mzima. Huu umenuna nusu."

Akamwambia atabasamu, upande mmoja ukapanda, mwingine ukabaki chini. Akamwambia ainue mikono yote miwili, wa kulia ukashuka wenyewe. Akamwambia ataje jina la mdogo wake, ikatoka sauti isiyo neno. Mama Pasi akazuia mtu yeyote asimnyweshe hata maji, na muuza rangi wa ng'ambo ya barabara akamwaga makopo yake chini, akawapakia kwenye pikapu.

Hospitali daktari aliuliza jambo moja kabla ya yote, mara ya mwisho mgonjwa ameonekana mzima saa ngapi, na huyu anayesoma anaungama kwamba saa nne na nusu ilikuwa tayari kwenye ulimi, maana saa nne na nusu ingemsafisha. Daktari alieleza kwamba ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kichwani, lakini ina masaa yake, ikichelewa inaweza kuleta damu ndani ya ubongo, na masaa huhesabiwa kutoka pale mgonjwa alipoonekana mzima mara ya mwisho. Mdogo mtu akasema saa tatu, akasimulia chai, akasimulia na vifungo, mbele ya shemeji yake aliyekuwa ameshafika na spana mkononi. Daktari akajibu, "Ahsante kwa kusema kweli. Muda bado tunao." Picha ya kichwa ikapigwa, ikaonekana damu imeganda, haijavuja, na saa sita kasoro dakika kumi dawa ikaanza kuingia mshipani.

Siku ya tisa wodini, dada akiwa bado hajatamka neno linaloeleweka, mdogo wake aliingia na matunda, naye akamwinulia kidole, akahangaika na mdomo wake, akasema, "Kushoto." Wauguzi walidhani anaumwa upande huo, wakaanza kumgeuza, ikabidi mdogo mtu aeleze habari ya mikono themanini, wodi nzima ikacheka, shemeji akacheka huku analia, na dada naye akacheka, mdomo ukipanda kidogo pande zote mbili.

Mtaalamu wa mazoezi alimpa kazi ya kufunga na kufungua vifungo kila asubuhi, mumewe alimzungushia bafu lote mabomba ya kushikilia, maneno yakarudi kwa kusuasua, mwiko ukiitwa mkasi na mkasi ukiitwa mjomba, na Februari 2014 akakunja pindo lake la kwanza tangu augue, lilipinda, akalifumua, akalikunja tena.

Novemba iliyotangulia, mdogo wake alikwisha kupiga magoti na kumweleza kwamba asubuhi ile alimwacha kwa hasira. Dada alijibu polepole, akilitafuta kila neno: "Nilikuwa nimenuna kweli. Ulipotoka nikataka kukuita, jina lako likanikataa. Kukusamehe nilishakusamehe pale pale kitini, sikuwa na sauti tu ya kukwambia."

Mungu alimwongezea miaka kumi na mmoja na miezi mitano, akamwona mjukuu wake wa tano, akameza dawa zake za presha kila siku bila kukumbushwa, akanuna mara nyingi, na kila aliponuna nyumba nzima ilimchungulia mdomo kisha ikashusha pumzi. Tarehe 4 Septemba 2024 alilazwa kwa homa ya mapafu, na Alhamisi tarehe 12, saa nne asubuhi, alilala moja kwa moja, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake, bila maumivu na bila deni la neno na mtu yeyote.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa mwaka ule na wa mwaka huu, majirani, na hasa muuza rangi, wafanyakazi wenzake wa kiwandani, na Mama Pasi, ambaye kwake shukrani zetu hazitakwisha. Dada, pumzika kwa amani ya Mungu aliyekurudisha kwetu mara ya kwanza.

Daktari wa mwaka ule alisema kiharusi kililetwa na presha iliyokuwa imempanda miaka mingi bila yeye kujua. Kesho asubuhi, kabla hamjafungua kazi zenu, tunawaomba mkapime presha.